Nafasi Zilikuwa Tatu Tu



Katika kikao cha Halmashauri ya Parishi cha mwezi uliopita lililetwa shauri la safari ya Dodoma: kwenda kusali na ndugu zetu katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, kulala usiku mmoja, na kurudi Jumapili jioni. Ni shauri jema na hakuna aliyelipinga. Sisi Waanglikana wa hapa Nduguti ni wachache katikati ya majirani zetu Walutheri, na aliye mchache hupata nguvu akiwaona wenzake wengi wamekusanyika chini ya paa moja. Shida ilikuja kwenye nauli. Mmoja wetu, mtu mwenye huruma na asiye na maneno mengi, alisema, "Tusiitangaze kanisani. Tuwaambie kimya kimya wale tunaojua wanaweza. Tukiitangaza tutawaaibisha wasio na kitu." Karibu wote walitikisa vichwa kukubali. Sisi tunaoandika haya tulitikisa pia, na mkono wetu ulikuwa umekwisha kuinuka nusu kabla hatujaurudisha mezani na kuomba shauri liahirishwe.

Tuliulizwa sababu, nasi hatukuweza kuieleza siku ile, kwa kuwa maelezo ni marefu na hayatupi sifa. Tumemwomba Mchungaji nafasi katika jarida hili tuyaeleze. Na tangu hapa mwanzo tuseme kwamba tutatumia neno "sisi" mpaka mwisho. Kosa lenyewe lilikuwa la watu watatu, na hatutaki mmoja ajitoe na kuwaachia wenzake mzigo.

Jambo tunalouliza ni hili. Je, mtu aweza kumdanganya mwenzake kwa kumwonea huruma, na huruma hiyo ikabaki kuwa huruma?

Mwezi wa Septemba 1998 tulipelekwa kaskazini ya Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja ya walimu. Ulikuwa mwaka ule balozi za Marekani zilipolipuliwa Dar es Salaam na Nairobi siku moja, tarehe 7 Agosti, na kila Mwingereza aliyesikia tumetoka Tanzania alituuliza habari hiyo kwanza, kisha akatuuliza habari za simba. Sisi tulikuwa na cheti cha chuo cha ualimu cha nyumbani na miaka mingi ya kushika chaki, basi. Katika bweni tulikuwa wanne tuliokula pamoja: sisi wa Singida, dada mmoja wa Kigoma, mwalimu mkuu, aliyetuzidi umri na akili, Mganda mmoja aliyejifunza Kiswahili ukimbizini kwetu wakati wa Idi Amin, na mwenzetu mmoja wa Masasi. Jiko lilikuwa moja. Tulisonga ugali wa semolina, ambao si ugali, lakini mtu mwenye baridi haulizi sana.

Yule wa Masasi ndiye tutakayemsema hapa. Alikuwa mtu wa ibada, mpole, mwenye mzaha wa taratibu. Posho yake ya mwezi ilipofika aliitoa benki siku ileile na kuipeleka nyumbani karibu yote. Alikuwa akimjengea mama yake nyumba ya matofali na bati, na wadogo zake wawili walikuwa sekondari. Kilichobaki kilimtosha kwa maharage, viazi na sabuni. Mara mbili alikuwa ametuomba mkate kabla ya mwisho wa mwezi, na mara zote mbili alitulipa bila kukumbushwa. Hatukuwa tajiri kumzidi. Posho zetu zote nne zilikuwa sawa kabisa, kwa senti.

Jioni moja jikoni alitueleza habari za Chuma. Watu wa Masasi wanazo habari hizo, kwa sababu mji wao wa Kikristo ulianzishwa na UMCA mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na Chuma, Myao, aliwahi kuwaongozea misafara wamisionari hao wa Askofu Steere. Lakini kabla ya hapo Chuma na Susi walikuwa watu wa Livingstone. Alipokufa katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, mwezi wa Mei 1873, wao na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaubeba kwa miguu muda wa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Mwili ukapelekwa kwa meli na kuzikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwapo siku ya maziko. Walifika Uingereza baadaye. Aliyekuwapo ni mwenzao Jacob Wainwright, aliyesafiri na jeneza. Mwenzetu alimaliza hadithi yake kwa kusema kwamba kabla hajarudi nyumbani atasimama juu ya jiwe lile, kwa niaba ya Chuma, ambaye hakualikwa maziko.

Tungependa kuwaambia, wasomaji, kwamba tulikuja kuyasahau maneno hayo. Hatukuyasahau.

Mwezi wa Novemba sisi watatu tukataka kwenda London siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Kila mwanafunzi wa nchi za nje hufanya hivyo na hakuna dhambi ndani yake. Mtu aliyekaa miezi mitatu akitazama ukuta wa matofali na mvua ana haki ya kuona mto Thames. Tulipiga hesabu: nauli ya basi, kitanda katika nyumba ya vijana, chakula. Ilitosha kwa kila mtu kujilipia, bila kubakiza kitu. Ndipo dada wa Kigoma akauliza, "Na yule?"

Tulikaa kimya kidogo. Kisha tulisema yale watu wasemayo. Kwamba tukimwambia atashindwa, na kushindwa kutamuumiza. Kwamba akikubali itatubidi tumlipie sisi, naye atajisikia mdeni, na mtu mwenye heshima hapendi kuwa mdeni. Kwamba ni afadhali asijue. Tulisema pia, na hili ndilo lililotumaliza, kwamba tunamhurumia. Basi siku ya Ijumaa tukamwambia tumealikwa mkutanoni na kanisa moja la mji wa jirani, na kwamba nafasi zilikuwa tatu tu.

Hakuuliza ni kanisa gani. Alisema, "Vema, mtuombee." Kisha akaenda chumbani kwake, akarudi na sarafu ya pauni 1, akamwekea dada mkononi. "Mnitolee sadaka huko," akasema.

Tulikwenda. Ndugu yetu Martin Kayamba, mwanafunzi wa Kiungani, alikwenda London mwaka 1931 pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na aliporudi aliandika kitabu akakiita Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Nasi tuliona na kufanya, lakini hatutawachosha kwa hayo yote. Tulitembea toka kituo cha mabasi cha Victoria mpaka jumba la Malkia, tukafika mtoni, tukasikia saa kubwa ikipiga. Ng'ambo ya daraja tuliiona hospitali ya St Thomas', tukaipita kama tunavyopita jengo lolote. Hatukujua kwamba mwaka haujaisha Mwalimu Nyerere atafia humo, tarehe 14 Oktoba 1999. Saa kumi jioni giza lilikuwa limeanza kuingia, jambo ambalo hatukulizoea hata siku moja.

Westminster Abbey Jumamosi ilikuwa na kiingilio. Tulisimama mlangoni tukahesabu, tukaona kwamba Jumapili watu huingia ibadani bure, tukaahirisha. Lakini nje, juu ya mlango mkubwa wa magharibi, hakuna kiingilio cha kutazama. Miezi michache tu kabla yake, Julai 1998, walikuwa wamezindua pale sanamu kumi za mashahidi wa imani wa karne ya ishirini. Yupo Martin Luther King, yupo Bonhoeffer Mjerumani, yupo Askofu Mkuu Romero wa El Salvador, yupo binti Manche Masemola wa Afrika Kusini. Na yupo Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 kwa sababu alimwambia Amin ukweli. Mwenzetu Mganda alivua kofia katika baridi ile, akakaa kichwa wazi muda mrefu. Mzungu mmoja aliyekuwa akipita akatupiga picha kwa kamera yetu, watatu chini ya sanamu zile. Hatukufikiri wakati ule kwamba tumesimama chini ya watu waliokufa kwa kutokusema uongo.

Jioni tulikula viazi vya kukaanga kwa samaki, tukapanda basi jekundu la ghorofa kwa kutaka tu kukaa juu, na tulipofika kitandani dada alihesabu mfuko wake akashtuka. Sarafu ya yule wa Masasi ilikuwa imechanganyika na zetu. Kama ilikuwa imelipa viazi, au basi, au kama ilikuwa bado mfukoni, hakujua. Zilibaki sarafu mbili za pauni na zilifanana kama mapacha.

Tulibishana usiku ule kwa sauti ya chini, maana chumbani walikuwamo wageni wengine. Mganda alisema pauni ni pauni; ukimpa mtu debe la mahindi akurudishie debe, humwulizi kama ni punje zilezile. Dada alisema kwa mahindi ni kweli, lakini sadaka si mahindi. Mtu ameitenga hii kwa jina, na sisi tumeila. Sisi tulisema maneno ya kati yasiyomsaidia mtu. Tangu wakati huo tumelifikiri mara nyingi na tumeona kwamba Mganda alikuwa na haki kwa hesabu. Fedha haina uso. Lakini tulijua pia kwamba kama mwenzetu angekuwa pale tusingebishana hata kidogo. Tungemwambia "samahani, imechanganyika, shika hii," naye angecheka. Ubishi wote ulitokana na kwamba hakuwapo, na hakuwapo kwa kazi yetu.

Asubuhi ya Jumapili tuliingia. Hapo mlangoni kuna jiwe la askari asiyejulikana, aliyezikwa mwaka 1920, limezungushiwa maua mekundu na hakuna anayelikanyaga, hata wafalme. Tuliwakumbuka wapagazi wa vita ile ya kwanza, watu wa kwetu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza na ya Wajerumani wakafa njiani kwa maelfu, ambao ukumbusho wao mkubwa ni jina la Kariakoo. Hatua chache mbele, sakafuni katikati ya kanisa, lipo jiwe la Livingstone. Linasema kwamba mikono yenye uaminifu ilimleta hapo kwa nchi kavu na bahari. Linataja mahali alipozaliwa na alipokufa, na kazi zake. Ya nani mikono hiyo, halisemi.

Tuliposimama pale hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alijua mwenzake anamfikiri nani. Ulipopita mfuko wa sadaka dada alitia sarafu zote mbili.

Katika basi la kurudi, usiku, Mganda alituletea hoja iliyotusumbua kuliko zote, nasi tunaileta kwenu kwa sababu ni hoja nzuri. Alisema, "Mnajitesa bure. Hao Chuma na Susi walisema uongo." Na ni kweli. Walipofika mbali kidogo toka Unyanyembe, karibu na Tabora, waliambiwa kwamba wenyeji wa mbele hawataruhusu maiti ipite katika nchi yao. Basi wakatengeneza mzigo wa mabua, wakaufunga kama maiti, wakawatuma watu kuurudisha Unyanyembe mbele ya macho ya wote, kana kwamba wamekata shauri kumzika huko. Wale watu walipofika porini usiku waliyatupa mabua na kuwarudia wenzao. Maiti yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa upya kama robota la nguo, ikapita kama bidhaa. Kwa hiyo, alisema Mganda, jiwe lile linasifu mikono yenye uaminifu iliyofika kwa njia ya udanganyifu. Na wakunga wa Kiebrania walimdanganya Farao. Na Rahabu aliwadanganya watu wa mfalme wa Yeriko. Kwa nini uongo wetu mdogo wa kumlinda rafiki uwe mbaya?

Hatukuwa na jibu ndani ya basi. Tulikuja kusoma baadaye kwamba hata wenye elimu wamegawanyika. Augustino, Askofu wa Hippo, mwana wa Afrika hii hii upande wa kaskazini, aliandika karibu na mwaka 395 kitabu kizima juu ya uongo, akaugawa mafungu manane, akalikataza kila fungu, hata lile lisilomdhuru yeyote na kumwokoa mtu. Na fungu baya kupita yote akaliweka la uongo katika mafundisho ya dini. Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza mlangoni rafiki yako yuko wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Twakiri kwamba hapo tunashindwa kumfuata, na tunadhani hata wengi wenu mtashindwa. Lakini si lazima tumalize neno la muuaji mlangoni. Mlangoni petu hakuwapo mwenye panga. Alikuwapo mtu wa Masasi na sarafu yake.

Tofauti tunayoiona sasa kati yetu na Chuma ni ya mzigo. Baada ya uongo wa Chuma mzigo ulibaki begani mwake, tena ukawa mzito zaidi, na hatari ikawa juu yake, na njia ikaendelea. Lieutenant Cameron, Mwingereza waliyekutana naye Unyanyembe, alikuwa amewashauri wamzike bwana wao pale pale wapumzike, wakakataa. Uongo wao ulikuwa wa kuendelea kubeba. Uongo wetu ulikuwa wa kutua. Baada ya kusema "nafasi zilikuwa tatu tu" tulipumua, tukawa wepesi, tukaenda kununua tikiti. Mtu akitaka kujua uongo wake ni wa aina gani, nadhani aweza kuanza kwa kuuliza ni bega la nani lililopata nafuu.

Lakini hata hilo halifiki mwisho, kwa maana sisi kweli tulimhurumia. Hatukuwa wanafiki kabisa. Hapa ndipo tumekaa miaka mingi. Na siku moja, tukisahihisha madaftari, tulishikwa na jambo dogo ambalo lilikuwa wazi siku zote: posho zetu zilikuwa sawa. Yule hakuwa maskini kuliko sisi. Alikuwa amekata shauri. Kila mwezi alikuwa akizichukua pauni zile zile tulizokuwa nazo na kuzigeuza bati la mama yake na ada za wadogo zake. Sisi tuliliona shauri lake tukaliita upungufu. Tulisema "hana", na neno la haki lilikuwa "ametoa". Kama tungemwuliza, angeweza kusema, "Mwezi huu bati moja lisubiri, nakwenda kwa Chuma." Au angesema, "Nendeni, bati kwanza." Yote mawili yangekuwa maneno ya mtu mzima. Tulimnyima hata lile la kukataa. Mtu aliyenyimwa nafasi ya kukataa amenyimwa kitu, ijapokuwa kisichoonekana.

Na ile aibu tuliyosema tunamwepusha, tumeichunguza pia. Ilikuwa ni aibu yetu. Tuliogopa atuombe, nasi tushindwe kukataa, au, baya zaidi, tukatae.

Wapo watakaotujibu kwamba kumwalika mtu unayejua hawezi ni ukatili wa aina yake. Hilo ni kweli na hatulipuuzi. Tumeona kadi za michango ya harusi zikipelekwa kwa mjane na kiwango kimeandikwa juu, kana kwamba ni kodi. Tumeona orodha za michango ya msiba zikisomwa kwa sauti, jina na kiasi, jina na kiasi, mpaka mtu aliyetoa shilingi chache anatazama miguu yake. Kuuliza vibaya kunaumiza. Lakini dawa ya kuuliza vibaya ni kuuliza vizuri, faragha, kwa wakati, na kwa kusema yote: safari ni hii, gharama ni hii, kilichopo ni hiki, wewe waonaje? Ni kazi ngumu zaidi kuliko kunyamaza, wala haina uhakika wa mwisho wake.

Tumalize habari ya mwenzetu. Hatukumwambia. Tulirudi usiku wa Jumapili, akatuuliza mkutano ulikuwaje, tukasema ulikuwa mzuri. Kadi za picha tulizonunua tulizificha katikati ya vitabu. Mwaka mzima hatukutaja London mbele yake, na jikoni mazungumzo yakawa na mashimo, maana ukificha neno moja yakubidi uyafiche na yale yaliyo jirani nalo. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Westminster, mpaka masomo yakaisha.

Mwezi wa Juni 1999 tulikuwa tukifunga mizigo. Alikuja kumsaidia dada kufunga sanduku kwa kamba, kazi aliyoiweza kuliko sisi. Albamu ilianguka ikafunguka, na picha ikaonekana: watatu, chini ya sanamu, juu ya mlango mkubwa. Aliiokota. Aliitazama kwa utulivu, akamtambua Luwum, akamtaja kwa jina. Hakuna aliyeweza kusema kitu. Kisha akauliza, "Ile pauni mlitoa?"

Dada akasema, "Tulitoa."

"Basi," akasema, akairudisha picha mahali pake, akaendelea kukaza kamba. Siku iliyofuata alitubebea mizigo yetu mpaka kituo cha gari moshi.

Hatujui alimaanisha nini kwa lile "basi". Dada wa Kigoma, mpaka alipofariki, alisema lilikuwa msamaha. Sisi tunaona kwamba huenda lilikuwa msamaha, na huenda alikuwa ameamua tena, kama alivyoamua juu ya bati, kwamba kuna kitu hatakitumia kwetu. Alituandikia barua mbili akiwa Masasi, za heshima na fupi. Tulijibu moja.

Sasa turudi kwenye Halmashauri. Shauri la Dodoma lilitangazwa kanisani Jumapili mbili zilizopita, wazi, pamoja na gharama zake, na wazee wa kanisa wakatumwa kupita nyumba kwa nyumba. Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwenda vizuri. Gari tunalokusudia kukodi lina viti 30. Waliojiandikisha ni 43, na kati yao 17 wamesema nauli hawanayo yote. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama amesema nauli anayo lakini haendi, apewe mbuzi wake kwanza anayemdai mzee mmoja wa kanisa, na sasa hilo nalo limekuwa shauri. Mwenzetu yule mwenye huruma anatutazama kama mtu aliyetuonya. Halmashauri itakaa tena Jumamosi hii saa nne asubuhi, na mkutano ni wa wote.